Nyati, Bata na Sekunde Mbili Nukta Nne

Jumatatu, 3 Novemba

Nyati amejibu kwa sekunde mbili nukta nne, Bata kwa sekunde thelathini na nane. Aliyetangaza ni Pak (Bwana) Haryo Prambudi, mkuu wa kitengo cha takwimu katika ofisi ya maafa ya wilaya. Alitangaza kwa kipaza sauti, ndani ya chumba cha watu kumi na wanane wanaosikiana vizuri bila kipaza sauti.

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za majaribio haya mpaka msimu wa mvua uishe. Mkaguzi wa wilaya alitaka mtu wa nje. Nilikuwa mwandishi wa gazeti mjini Semarang kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo nahesabiwa kuwa mtu wa nje mahali popote.

Kinachoshindaniwa ni hiki. Mto Wulungan ukipita alama nyekundu kwenye lango la maji, maji huchukua dakika arobaini na tano kufika Rowosengon, kitongoji cha chini kabisa. Ndani ya dakika hizo kompyuta inaulizwa swali moja: ni nyumba zipi zilizo njiani mwa maji zenye mtu asiyeweza kutembea, nani apigiwe simu, na boti ipi iko karibu? Jibu limetawanyika katika majedwali matatu: la kaya, zipo laki tatu na kumi elfu, la afya, na la boti. Hifadhidata itakayoyaunganisha kwa haraka zaidi ndiyo itakayotumika. Rowosengon peke yake ina watu arobaini na watatu wasioweza kutembea.

Hifadhidata zilikuwa tatu, na zilipewa majina ya wanyama ili waamuzi wasijue ipi ni ya nani. Nyati ni ya kulipia. Bata ni ya bure, ofisi inaitumia mwaka wa tisa sasa. Njiwa alijitoa Ijumaa kwa sababu mwakilishi wake alikuwa na harusi. Siri ya majina haya anaijua hata mama anayeuza supu ya soto nje ya lango.

Ratiba ya leo: saa moja na nusu, mazoezi ya Nyati. Saa tatu, wageni wanafika. Saa tatu na nusu, wageni wanafika kweli. Saa nne, jaribio. Saa nne na dakika kumi, keki. Sahihi za kumbukumbu zilikusanywa kabla ya jaribio, pamoja na za mahudhurio, ili wageni wasicheleweshwe. Nimesaini. Keki ilikuwa ya majani ya pandani.

Bu (Bi) Wening, fundi anayemtunza Bata, hakupiga makofi. Alisimama mlangoni akasema, "Mazoezi hatukualikwa."

"Mazoezi ya nini tena, Bu?" Pak Haryo akamjibu na kipaza sauti bado mkononi. "Bata wako angehitaji mazoezi ya mwaka mzima."

Watu wakacheka. Bu Wening ni mtu wa kinyongo. Uso wake haukifichi.

Jumatano, 5 Novemba

Mkutano kuhusu rangi ya jalada la ripoti. Umechukua saa mbili na nusu. Kijani.

Jumanne, 11 Novemba

Jaribio la pili. Nyati mbili nukta tatu, Bata thelathini na nane. Mazoezi ya Nyati saa moja na nusu, kama wiki iliyopita.

Mwakilishi wa Nyati anaitwa Mas (Kaka) Dewangga. Ana umri wa miaka thelathini hivi, viatu vyake havijawahi kukanyaga tope, na kila sentensi yake huanza na neno "kimsingi". Leo alisema kimsingi Nyati hatafuti jibu, Nyati anajua jibu. Wakuu wa idara wanne waliandika maneno hayo kwenye daftari zao.

Bu Wening aliomba swali libadilishwe. "Tuulize kitongoji kingine, Pak. Au tuulize siku nyingine bila kutangaza."

"Bila kutangaza?" Pak Haryo alishtuka kama aliyeambiwa avue shati. "Naibu wa Bupati wa wilaya amekaa mbele, tunauliza kitu hatujawahi kukiuliza, mashine inakwama. Aibu ni ya nani, Bu? Yako?"

"Ya mashine."

"Mashine haina uso."

Pak Haryo ana vyeti kumi na tisa ukutani. Kimoja ni cha kuhudhuria semina ya jinsi ya kuandaa semina.

Ijumaa, 14 Novemba

Amekuja Bu Muntamah, mkuu wa kitongoji cha Rowosengon. Mwanamke mfupi, kandambili za plastiki, daftari la shule limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ndani ya daftari kuna majina arobaini na matatu kwa kalamu ya bluu: nani ana kiharusi, nani hana miguu, nani ni kipofu, nani anaishi peke yake.

Pak Haryo alimpokea kwa sababu mimi nilikuwepo na nilikuwa nimeshika kalamu.

"Nimesikia mnachagua mashine," alisema Bu Muntamah. "Nataka kujua ipi itanipigia simu."

"Nyati, Bu. Sekunde mbili tu."

"Sasa hivi napigiwa na Bu Wening. Huwa anapiga."

"Sasa utapigiwa kabla ya Bu Wening kunyanyua simu. Mto ukipanda, utapigiwa kabla hujamaliza kuvaa kandambili."

Bu Muntamah alitazama miguu yake, kisha akamtazama Pak Haryo. "Na hili daftari nilipeleke wapi?"

"Lipeleke makumbusho!" Akacheka peke yake mpaka alipoamua kuacha.

Bu Muntamah akalirudisha daftari kwenye nailoni, akafunga mafundo mawili.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Mto uko sentimita tisini chini ya alama nyekundu.

Jumatano, 26 Novemba

Jaribio la tatu na la mwisho. Mazoezi saa moja na nusu. Naibu wa Bupati alikuja, akaketi dakika kumi na moja, akaondoka na zawadi ya batiki. Nyati mbili nukta nne. Bata thelathini na tisa, na kicheko chumba kizima. Mtu mmoja nyuma alilia kama bata. Ni mkuu wa idara na ana shahada mbili.

Nimesaini. Mvua ilianza wakati wa keki.

Jumatatu, 1 Desemba

Barua imetoka: Nyati ameshinda. Bata atazimwa tarehe 31 Januari. Kuanzia leo orodha yoyote inayokwenda kwa vituo vya boti lazima itoke kwa Nyati na iwe na muhuri wa Pak Haryo. Mashine ya Bata imehamishiwa kwenye korido, kando ya mtungi wa maji ya kunywa. Bu Wening alimfuata na kiti chake.

Jumanne, 9 Desemba

Nimekula mchana na Bu Wening, kwa kuwa meza nyingine zilijaa. Nilimuuliza kwa nini Bata ni mzito.

"Si mzito. Ni mwaminifu," alisema. Nilichukia jibu hilo na nadhani aliona, kwa sababu aliweka kijiko chini akaanza upya.

"Chukulia una rejista za kaya laki tatu. Bata anazichukua zote, anazisoma kutoka jalada la kwanza mpaka la mwisho, mara moja, bila kurudi nyuma. Kila siku zile zile sekunde thelathini na nane. Nyati anafanya tofauti. Ana faharasa. Anaangalia jina moja, anakimbilia kabatini, anachomoa karatasi moja, anarudi. Jina la pili, kabatini tena. Safari laki moja na zaidi."

"Sasa mbona anamaliza kwa sekunde mbili?"

"Karatasi zikiwa tayari mezani, safari haina urefu."

"Na zisipokuwa mezani?"

"Ndiyo nimeuliza tangu Novemba, Pak. Mimi nimekatazwa kumgusa Nyati."

Nilimwomba aseme yote hayo kwa sentensi moja ili niiandike. Alisema sentensi anayo, mtu wa kuisikia ndiye hajampata. Kinyongo, tena juu ya sahani ya tempe ya soya iliyopoa.

Jumatatu, 22 Desemba

Umeme ulikatika saa nzima. Ofisi nzima ilitoka nje kula bakwan, vitumbua vya mboga. Mto uko sentimita sitini na tano chini ya alama.

Alhamisi, 25 Desemba

Sikukuu. Mvua.

Jumamosi, 3 Januari

Sentimita arobaini. Pak Haryo amechapisha bango lenye picha yake na ya nyati wa kweli. Wote wawili wanatazama upande wa kulia.

Alhamisi, 8 Januari

Gwaride la utayari wa mafuriko. Boti sita zilizopakwa rangi upya zilipangwa juu ya nyasi, mbali na maji ili zisichafuke. Mazoezi yalifanyika jana, na mazoezi ya mazoezi yalifanyika juzi. Leo, mbele ya wageni, Nyati mbili nukta nne.

Bu Wening hakuhudhuria. Alikuwa koridoni, anabandika mfuko wa plastiki juu ya Bata kwa sababu dari inavuja hapo. Nilimwambia kinyongo hakimjengi mtu. Alinipa upande mmoja wa plastiki nishike.

Jumatatu, 12 Januari

Sentimita ishirini na tano. Mvua siku ya nne.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika kwa saa yangu ya mkononi, ambayo nililinganisha na redio asubuhi.

Saa nane na dakika kumi mchana umeme ukakatika. Jenereta iliwaka baada ya dakika nne. Nyati akazimika na kuwashwa upya, Bata vilevile. Chumbani tulikuwa wanne: Pak Haryo, Mas Dewangga, Bu Wening aliyesimama mlangoni kwa sababu hana kiti humo tena, na mimi.

Saa tisa kasoro dakika mbili mlinzi wa lango alisema kwenye redio ya upepo: "Nyekundu imepita. Narudia, nyekundu imepita." Hesabu ya dakika arobaini na tano ikaanza hapo. Maji yangefika Rowosengon saa tisa na dakika arobaini na tatu.

Saa tisa kamili Pak Haryo aliketi, akanyoosha mikono ya shati, akabonyeza. Alikuwa amewasha projekta, ili kama mkubwa yeyote angeingia akute jibu ukutani. Ukutani kukatokea kiduara kinachozunguka.

Kikazunguka.

"Kimsingi anawaza," alisema Mas Dewangga.

Bu Wening alitoka. Nilisikia kibodi koridoni, kisha printa. Saa tisa na dakika mbili alirudi na karatasi mbili.

"Orodha hii hapa, Pak. Rowosengon wote arobaini na watatu. Kituo cha kaskazini watu thelathini na saba, kituo cha kusini sita."

Pak Haryo hakugeuka. "Hiyo ya Bata haina muhuri."

"Ina majina."

"Barua inasema Nyati. Nyati anajibu kwa sekunde mbili."

"Zimeshapita mia moja na ishirini, Pak."

"Mas, hii imekwama?"

"Kimsingi haijakwama, Pak, inasoma diski. Taa inawaka, unaona? Inafanya kazi sana."

"Inafanya kazi sana," alirudia Bu Wening. "Sasa niazime muhuri."

"Usinifundishe kazi mbele ya mgeni." Mgeni nilikuwa mimi.

Bu Wening akachukua redio kutoka mezani. Hakunyakua, aliichukua kama mtu anavyochukua chumvi. Akaita vituo vyote viwili, akaanza kusoma: jina, nyumba, ugonjwa. Alisoma kwa mwendo wa mtu anayesomea anayeandika. Kituo cha kaskazini kilijibu, "Tumepokea, tunaondoka." Kituo cha kusini kilijibu kwa swali.

"Nani anasoma?"

"Wening. Andika. La kwanza—"

"Bu, samahani. Hii ina muhuri wa Pak Haryo? Tuliambiwa kwenye gwaride bila muhuri tusitoke."

Bu Wening alimnyooshea Pak Haryo redio. Sema tu ndiyo, alisema. Neno moja.

Pak Haryo alitazama ukuta. "Mwambie asubiri. Inakaribia."

Alisema hivyo saa tisa na dakika tisa. Nimeiandika dakika hiyo na kuipigia mstari. Bu Wening aliyasoma majina sita ya kusini hata hivyo, mara mbili, kwa mtu aliyekuwa anasubiri. Kisha akapiga simu kwa Bu Muntamah na laini ilikuwa imekatika, mnara ulishazimika.

Kiduara kilizunguka mpaka saa tisa na dakika kumi na tisa. Jibu lilitokea ukutani lote kwa mpigo, zuri, lenye vichwa vya safu vya rangi ya kijani. Mas Dewangga alipiga makofi mara mbili, akaona hakuna mwenzake. Majina yalikuwa yale yale.

Pak Haryo aligonga muhuri. Boti ya kusini iliondoka saa tisa na dakika ishirini na tatu.

Saa kumi alikuja msaidizi wa Bupati akiwa na koti la mvua. Pak Haryo alimkaribisha, akauliza Nyati swali lile lile. Sekunde mbili nukta nne.

Jumapili, 18 Januari

Kwa mujibu wa vituo vya boti: watu arobaini na wawili wa Rowosengon wametolewa. Kaskazini walimaliza saa tisa na dakika thelathini na nane, kabla ya maji. Kusini walitoa watano, wawili wao kutoka kwenye maji ya kiuno. Wa sita, Mbah (Babu) Tasripin, umri sabini na tisa, mguu mmoja, mkazi wa nyuma ya tanuri la matofali, amekutwa amefariki ndani ya nyumba yake saa moja asubuhi.

Jumatatu, 19 Januari

Bu Muntamah alikuja ofisini. Pak Haryo alikuwa anarekodi mahojiano, kwa hiyo mama huyo alikaa nami na Bu Wening kando ya mtungi wa maji.

"Mlisema nitapigiwa kabla sijamaliza kuvaa kandambili," alisema. "Niliona rangi ya mto, nikavaa kandambili nikakaa na simu mkononi. Nikasema, nikianza kukimbia simu ikaja sitaisikia. Nikazivua. Nikazivaa tena."

Bu Wening alimwambia alipiga, laini ikawa imekufa. Bu Muntamah aliitikia kwa kichwa. Alifungua mafundo mawili ya nailoni, akaweka daftari mezani, akaonyesha ukurasa. Mbah Tasripin ni jina la kumi na tisa. Kando ameandika: *peke yake, anza naye.*

"Miaka tisa nilianza naye," alisema. "Mwaka huu nilisubiri simu."

Jumanne, 20 Januari

Taarifa kwa vyombo vya habari, imesainiwa na Haryo Prambudi: wakati wa tukio mfumo ulijibu kwa sekunde mbili nukta nne, na vifo vimedhibitiwa kwa kiwango cha mtu mmoja. Sekunde hizo alizipima kweli, saa kumi, mbele ya mkubwa. Nimesoma uongo mwingi katika kazi yangu. Huu umetengenezwa wote kwa ukweli, na mtengenezaji hajui.

Jumatano, 21 Januari

Nimerudi kusoma shajara hii tangu mwanzo. Saa moja na nusu, mazoezi ya Nyati: tarehe 3, tarehe 11, tarehe 26 Novemba. Kila jaribio Nyati alikuwa ameshaulizwa swali lile lile muda wa saa mbili na nusu kabla, karatasi zake zote ziko mezani. Hakuwahi kupimwa hata siku moja akiwa ndiyo kwanza amewashwa. Na mto haupandi bila mvua, na mvua ya kupandisha mto hukata umeme, na umeme ukikatika kompyuta inazimika na meza inafagiliwa tupu. Siku pekee ambayo swali lina maana ndiyo siku ambayo Nyati hakumbuki kitu.

Niliyaandika yote mwenyewe, kati ya wageni na keki. Sahihi yangu iko chini ya kumbukumbu zote tatu, na kwenye zote iliwekwa kabla ya jaribio. Neno "kinyongo" nimelitumia mara tatu kwa mtu ambaye siku ya kwanza alisema, "Mazoezi hatukualikwa." Ilikuwa taarifa kamili, yenye maneno mawili, na mwandishi wa miaka ishirini na sita hakuitambua.

Nimemtafuta Mas Dewangga. Alikuwa anafungasha projekta.

"Mas, mashine ikiwashwa upya, swali la kwanza linachukua muda gani?"

"Kimsingi hakuna anayezima mashine, Pak."

"Umeme unakatika."

"Kimsingi hapo tatizo ni la umeme."

"Kampuni yako inajua ni dakika kumi na tisa?"

Alifunga zipu ya begi taratibu. "Hakuna mteja aliyewahi kuuliza, Pak. Wote wanataka mazoezi. Nikikataa kufanya mazoezi naonekana sina adabu."

Kwa mara ya kwanza hakuanza na "kimsingi". Nadhani alikuwa anasema kweli, na sikumpenda zaidi kwa hilo.

Ijumaa, 23 Januari

Nimempelekea mkaguzi kurasa zangu, zikiwa na tarehe tatu za mazoezi na saa za tarehe 17. Pak Haryo alinisubiri kwenye ngazi.

"Pak Nowo, umeandika kwamba nimedanganya?"

"Nimeandika kwamba mlifanya mazoezi."

"Lakini mazoezi ni heshima! Harusi ina mazoezi, gwaride lina mazoezi, hata maombi ya kufungua mkutano tunayafanyia mazoezi. Ulitaka mgeni aje akae dakika kumi na tisa anatazama kiduara?"

"Mbah Tasripin alikaa."

Akasema jambo ambalo naliandika neno kwa neno kwa kuwa sitapata bora zaidi la kumweleza: "Yule hakuwa mgeni rasmi."

Jumatano, 28 Januari

Bu Wening amepewa barua. Kosa: kusoma orodha isiyo na muhuri kwenye redio ya serikali. Kuanzia Jumatatu anahamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka za zamani, ghorofa ya chini, ambako hakuna kompyuta. Watu thelathini na saba wa kaskazini wako hai kwa kosa hilo.

Nilimkuta koridoni anaandika maelekezo ya kumwasha Bata, kwa herufi kubwa, kwenye kadi.

"Ile sentensi moja," nilimwambia. "Bado unayo?"

"Mpime akiwa amelala."

Nimeiandika. Kisha akanionyesha dari. "Plastiki ibadilishwe kila wiki, Pak. Upande wako ndio unaovuja."

Ijumaa, 30 Januari

Mkaguzi amesaini leo saa sita mchana. Amri ya kumzima Bata kesho imesimamishwa, na ya kumhamisha Bu Wening itajadiliwa baada ya matokeo, maana yake hakuna aliyethubutu kuifuta. Rufaa ya Pak Haryo, yenye jalada la kijani, imepokelewa na kuwekwa chini ya kikombe.

Majaribio yatarudiwa Jumatatu tarehe 9 Februari, saa mbili asubuhi. Mashine zote mbili zitazimwa na kuwashwa upya kabla ya kila swali. Swali litatoka kwenye daftari la Bu Muntamah, ukurasa atakaouchagua yeye, na litasomwa mashine zikishawaka. Bata anaanza. Sahihi zitakusanywa baadaye. Keki hazijaagizwa.

Saa moja na nusu chumba kitakuwa kimefungwa. Ufunguo anao Bu Muntamah.